Mama Mkwe na Herufi za Malori

Mama mkwe wangu alinichosha. Naanza hivyo kwa sababu wanaomsimulia siku hizi wote wanaanza na upole wake, na mimi nimewasikiliza wakimsifu mpaka nikajiuliza kama tunazungumza juu ya mtu mmoja. Mpole alikuwa, sikatai, kwa watu wasiomjibu. Ukimjibu tu, umejitafutia kazi ya siku nzima.

Alifundisha Kiingereza shule ya msingi huko Mella, upande wa Uganda, mpaka akastaafu, na alipostaafu hakuacha kufundisha, alibadilisha wanafunzi tu. Tukawa sisi. Mke wangu, mimi, majirani, madereva wa malori, padri akipita. Na katika mwaka wake wa mwisho wa kukaa peke yake, wakati ana kidonda mguuni na kila mwenye macho anaona kwamba mguu unaoza, bado alikuwa anatufundisha. Sisi tunasema daktari, yeye anatoa herufi. Nikikumbuka mwaka ule, presha inanipanda hadi leo.

Mchezo wenyewe ni huu. Anakupa herufi tatu. Unatafuta neno la Kiingereza lenye herufi hizo zote, mbele au nyuma haidhuru, mradi zimo. Ukilipata, yeye anatafuta refu kuliko lako. Ukipata refu kuliko lake, anatafuta tena. Anayekwama ameshindwa, na aliyeshindwa anapewa amri na lazima aitii. Darasani kwake amri ilikuwa kuteka maji au kufagia. Mchezo wa watoto, utasema. Hata mimi nilisema hivyo, kabla sijaucheza.

Nilianza kuucheza siku nilipokwenda kujitambulisha kwao. Tulifika na gari la kukodi kutoka Busia upande wa Kenya, wazee wangu wamevaa makoti, tumepanga maneno yetu vizuri. Tukakalishwa nje. Tukasubiri. Baada ya muda mrefu mchumba wangu akatoka ndani, kainamisha kichwa kwa aibu, akasema, "Mama anauliza, K, B, R." Mjomba wangu alidhani wanataja aina ya ng'ombe wanaowataka, akaanza kujitetea kwamba kwetu hawapatikani. Mimi nikaangalia gari letu na kuziona herufi pale kwenye namba. Nikasema, "Break." Mchumba akaingia, akatoka. "Mama anasema, breakfast. Na anatumaini mlikunywa chai huko mlikotoka, kwa sababu chakula chake bado."

Mjomba alikasirika njia nzima ya kurudi. Alisema ile si nyumba ya kuoa, ni nyumba ya mtihani. Nilimpuuza, kwa sababu nilikuwa nampenda binti, na kwa sababu nilikuwa nimeshaanza kutafuta kimyakimya neno refu kuliko breakfast. Sikulipata mpaka tunafika nyumbani.

Sasa, kwa wasiojua mambo ya huku kwetu, lazima nieleze mwiko. Mwanamume na mama mkwe wake hawapeani mkono. Hawali pamoja, hawakai kiti kimoja, hawaangaliani usoni, na mama hawezi kulala nyumba ya mkwe wake. Akija, unampisha njia. Ukienda kwake, unasimama mbali, unageuka upande. Ni heshima, na wengi siku hizi wameilegeza. Unapeleka mbuzi na gomesi, lile gauni la heshima la akina mama, mnapeana mkono mbele ya watu, basi, mmefunguliana. Nilipeleka mbuzi na gomesi. Gomesi aliivaa Jumapili iliyofuata, ilimpendeza sana. Mbuzi alimrudisha. Mke wangu alipomuuliza kwa nini, alisema mbuzi yule ana kikohozi.

Kwa hiyo hakusema na mimi. Kama mke wangu yupo, alipitia kwa mke wangu. Kama hayupo, alikuwa na paka. "Paka," atasema, yuko mlangoni, mimi nimesimama uani nimemgeuzia mgongo, "mwambie Baba Nafula aondoe gari yake, inazibia mihogo yangu jua." Nami nilimjibu paka. Mtu mzima, baba wa watoto, natoa mizigo ya watu forodhani mpakani, maofisa wa forodha wananiita kwa heshima, nimesimama Mella namwomba radhi paka.

Lakini herufi alinipa mwenyewe, moja kwa moja. Hapo ndipo aliponishinda akili. Alimweleza mke wangu kwamba Kiingereza ni kazi, si maongezi, na mkwe anaweza kufanya kazi na mkwe wake bila kuvunja kitu. Basi katika maisha yetu yote, yale tuliyozungumza sisi wawili bila mtu wala paka katikati yalikuwa maneno ya Kiingereza, moja moja, kila mtu akitafuta kumzidi mwenzake urefu. Yeye ndani, mimi nje. "P, L, N," anasema. "Plan," nasema. "Complain," anasema. Nafikiri, natafuta, jasho linanitoka. Nakwama. Anangoja kidogo, kisha anaongeza la pili, ambalo halikuhitajika hata kidogo: "Explanation." Halafu anamgeukia paka. "Hiyo complain nilidhani ataisema yeye. Ndiyo kazi yake."

Alikuwa na msemo wake mwenyewe, kwamba kila neno lina kaka yake mkubwa. Ukitoa neno fupi atakuambia, "Umeishia njiani." Hakuishia kwenye maneno. Nilipojenga nyumba yangu Busia, akaja akaiona kutoka barabarani, alimwambia mke wangu nimeishia njiani, nyumba ya mtu mwenye watoto haiwezi kuwa na veranda ndogo vile. Niliongeza veranda. Akasema sasa veranda ni kubwa, nyumba ni ndogo.

Na sheria za mchezo alizitunga yeye, akazibadilisha yeye. Maneno yenye mkia, yale ya kuongeza tu herufi mwishoni ili yarefuke, aliyakataa. Ukisema breaks badala ya break, anacheka kwa pua. Lakini yeye akisema kindness, hiyo si mkia, hiyo ni neno. Nilimuuliza, kupitia mke wangu, nani aliamua. Jibu likaja kwamba aliyeamua ni mwalimu, na kama nina malalamiko niandike kwa kamati ya shule, ambayo mwenyekiti wake alikuwa yeye.

Nikaweka kwenye simu kile kitu cha kutafuta maneno. Unaandika herufi, kinakutolea maneno yote yenye herufi hizo, kuanzia refu kuliko yote. Nilikwenda Mella siku hiyo nikiwa na furaha ya mtu aliyekwisha kushinda. Akatoa herufi, nikageuka pembeni kama mwenye heshima zake, nikabonyeza, nikasoma neno kubwa la ajabu ambalo sijawahi kulisikia tangu nizaliwe. Nikajua leo nimempata. Kisha akasema, "Sentence." Alitaka nilitumie kwenye sentensi. Sikujua kama ni ugonjwa au ni mnyama. Nikasema kwa Kiingereza, "I have seen it." Akamwambia paka kwamba huyo mtu ameona kitu asichokijua, apelekwe akapumzike, na kwa amri ya leo atengeneze choo.

Nilikitengeneza. Nilitengeneza choo chake, geti lake, ukuta wa jiko, kibanda cha kuku. Nilimletea samaki wa Majanji, kule ziwani, kila nilipoamriwa, na ingawa hakuwahi kula nikiwapo, nilikuwa sijafika hata barabara kubwa ujumbe unaingia kwenye simu ya mke wangu: "Chumvi." Maana yake samaki walitiwa chumvi kidogo. Hilo ndilo lililonishangaza kuliko yote. Mtu anayetaka maneno marefu hivi, ujumbe wake ulikuwa neno moja. "Njoo." "Hapana." "Mvua." Hata sala yake ya chakula ilikuwa fupi kiasi kwamba wageni walikuwa wakikutwa bado macho wazi.

Na jambo jingine. Alisahihisha Kiingereza cha kila mtu, cha padri na cha mwenyekiti wa kijiji, lakini Kiswahili chake mwenyewe kilikuwa balaa. Alikiita lugha ya askari na ya soko. Alisema "hiyo neno" na "mguu yangu" bila wasiwasi wowote. Ila mpeleke sokoni Busia umwone. Kwa Kiswahili hichohicho alimshusha bei muuza vitunguu mpaka yule bwana akakaa chini.

Alipokuja Busia hakuingia kwangu, kwa sababu ya mwiko. Alikaa kwenye kibanda cha mke wangu cha vitenge, kando ya barabara ambapo matrela yanapanga foleni kungoja kuvuka. Hapo alifurahi. Foleni yote ile ya namba za Kenya na za Uganda, kwake ilikuwa bustani. Madereva walimzoea. Kuna kijana mmoja wa trela la saruji alikuwa akimwona tu anafungua dirisha. "Mathe, hii yangu leo hutoboi. K, C, Q."

"Anza wewe."

"Quick."

"Quicksand."

"Na hiyo ni nini sasa?"

"Ni mchanga unameza mtu wa haraka. Rudi kwa foleni yako, nimeona unataka kupita wenzako."

Madereva walicheka na yule kijana akarudi nyuma kweli. Mimi nilikuwa nimekaa ofisini ng'ambo ya barabara nimejificha nyuma ya dirisha, kama desturi inavyotaka, natafuta neno refu kuliko quicksand. Hivyo ndivyo alivyoniharibu. Mpaka leo siwezi kupokea nyaraka za gari bila kutazama kwanza herufi.

Nimezungukazunguka na sasa lazima nifike kwenye mguu.

Alijikata na jembe kwenye kidole cha mguu, kidonda kidogo. Alikuwa na ugonjwa wa sukari, na mtu wa sukari kidonda chake hakiponi hivihivi. Alikiosha kwa maji ya chumvi, akakifunga kitambaa, akaendelea kulima. Kidonda kikapanda. Mwenye kliniki ndogo pale Mella akamwambia aende hospitali Tororo mjini, mapema. Akasema kesho. Kesho yake akasema kesho. Mke wangu alilia kwenye simu kila siku, mama anajibu "Nitaona," kisha anakata.

Nikasema nitamchukua na gari langu. Akasema mama hawezi kupanda gari ya mkwe. Sawa. Mke wangu akakodi gari la mtu mwingine kabisa, mtu asiye ndugu, akalituma. Mama mkwe akamshukuru dereva, akampakilia magunia ya mahindi ya kutuletea, akamrudisha. Tulitoka mbio kumpokea mgonjwa, tukapokea mahindi. Nilikasirika siku hiyo mpaka mke wangu akaniambia niende nikatembee.

Tukamwomba basi aje akae Busia, karibu na kliniki nzuri, tumjengee chumba chenye mlango wake wa nje, asikutane na mimi. Akasema chumba ndani ya ua wa mkwe ni nyumba ya mkwe. Tukataka tukodishe chumba kwa jirani. Akasema jirani yule anakoroma. Kila tulichosema, alikuwa na kirefu kuliko chetu. Nilimwambia mke wangu kwamba huyu mama hajali, anataka kushinda tu, na atashinda mpaka kaburini.

Ndipo mke wangu akaniambia jambo ambalo miaka yote hakuwahi kuniambia. Dada mkubwa wa mama, ambaye ndiye aliyemlea, alikuwa na kidonda kama hicho. Alikwenda hospitali akitembea kwa miguu yake, na hakurudi akiwa hai. Mama alikuwa amekaa naye wodini hadi mwisho. Tangu hapo hajakanyaga hospitali, na neno lenyewe halitamki. Anasema "huko." "Mwiko anauheshimu," mke wangu akasema, "lakini haya si ya mwiko. Mama anaogopa." Sikupoa. Nilizidi kukasirika, kwa sababu mtu mkaidi unaweza kubishana naye, lakini mwenye hofu unamwambia nini?

Mke wangu alikuwa Kampala kununua mzigo wa vitenge siku jirani wa Mella aliponipigia. Mama ana homa, mguu unanuka, tangu jana hajala. Nikaacha lori la watu limekwama na nyaraka zake, nikawasha gari. Njia nzima nilikuwa nagombana naye kwa sauti, peke yangu, nikimpa majibu yote niliyoyameza kwa miaka mingi.

Nilimkuta amekaa kizingitini, jirani amemshika mabega. Nikasimama uani, nikageuka. Nikampigia mke wangu, nikaweka spika. Mke wangu akamsihi. Jirani akamsihi. Mimi nikamwambia paka, kwa adabu yote iliyonibakia, amwambie mama kwamba gari liko tayari, kwamba nitatundika leso katikati asinione, kwamba jirani atakaa naye nyuma. Nilimsikia anahema tu, na ile harufu ilinifikia hata pale niliposimama.

Nikakata tamaa. Nilifikiria kumbeba kwa nguvu, mwiko uvunjike, nilaaniwe. Nilikuwa nimeshapiga hatua moja aliposema, kwa sauti ndogo lakini ya darasani:

"H, O, S."

Niseme kweli, nilitaka kulia kwa hasira. Mtu anakufa na bado anataka mchezo. Hata sikufikiri. Nilitoa neno la kwanza lililonijia, ili tumalize upuuzi huo, anishinde kama kawaida yake.

"House," nikasema.

Nikangoja kaka mkubwa wa neno langu. Hakuja. Kwenye simu nikamsikia mke wangu anavuta pumzi.

"Lakini Mama," akasema, "mbona hiyo rahisi, si kuna..."

"Wewe kata simu," mama akamwambia. "Unamaliza kredo." Kisha akasema, "Sina refu. Baba Nafula ameshinda. Atoe amri."

Hakusema "paka." Nilibaki nimesimama, mgongo umeelekea mlango, na mdomo wangu umejaa neno ambalo hata mtoto wa darasa la kwanza analijua, limeandikwa kwenye kibao kila barabara ya nchi hii. Miaka yote nilikuwa naomba siku moja nimsikie akisema nimeshinda. Nilidhani nitapiga magoti nishukuru. Badala yake nilitoa funguo za gari mfukoni.

"Mama aingie kwenye gari," nikasema. "Na akitoka huko, aje nyumbani kwangu."

"Amri ni amri," akamwambia jirani. "Nishike."

Mambo ya hospitali nitayasema kwa kifupi kwa sababu huko hapakuwa na mjadala. Walimkata mguu chini ya goti. Daktari alisema kama angekawia zaidi hata roho isingebaki. Alipona, akaja Busia, akakaa kwangu katika chumba chenye mlango wa nje hadi mwisho wake, akailalamikia veranda kila asubuhi. Watu walipomuuliza mbona amelala nyumba ya mkwe, aliwajibu kwamba alishindwa mchezo, na mwalimu hawezi kufundisha watoto kutii amri halafu yeye akaikataa.

Lakini ninayoikumbuka mimi ni ile safari. Tulitoka Mella taratibu, barabara ni mbovu. Leso ilining'inia nyuma ya kichwa changu, ya mke wangu, ya maua mekundu. Jirani alikuwa anaomba kwa sauti ya chini. Mama mkwe hakutoa hata mguno kwenye mashimo, na mimi nilishika usukani nikiwa na hasira ile ile, ila sasa sikujua namkasirikia nani. Lile neno lilikuwa bado mdomoni mwangu. Tulipoanza kuona mwamba wa Tororo sikuweza tena.

"Mama," nikasema, nikitazama mbele, "kuna hospital."

Jirani aliacha kuomba.

"Najua," mama mkwe akasema. "Endesha."